UZI: Anand Patwardhan, Mhindi aliyeipeleka TV ya taifa mahakamani mpaka ikaonyesha filamu zake

#1 Mpigapicha wa Kinondoni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Wengi wetu tumekulia kwenye sinema za Kihindi. Nyimbo tunazijua kwa kichwa hata kama lugha hatuielewi. Lakini India hiyohiyo ina mzee ambaye kwa karibu miaka 50 ametengeneza filamu zisizo na mwigizaji hata mmoja, na kila aliyeshika kamera huku kwetu anapaswa kumjua. Anaitwa Anand Patwardhan.

Niweke hoja yangu mezani mapema, anayetaka kubisha abishe. Kazi ya huyu mzee ina nusu mbili. Ya kwanza ni kushuti na kuhariri, kama sisi wote tunaoishi kwa kazi hii. Ya pili ni kupigana mpaka filamu ionekane na watu inaowahusu, na hiyo ameifanya kwa bidii ileile kama ya kwanza. Sisi tukishapandisha video mtandaoni tunahesabu kazi imekwisha. Yeye akimaliza kuhariri ndiyo anaanza kutafuta wakili.

Kazaliwa Bombay mwezi wa pili 1950. Ami zake, Rau na Achyut Patwardhan, walikuwa wapigania uhuru waliojificha na kufungwa enzi za Mwingereza. Mama yake, Nirmala, alikuwa mfinyanzi. Kijana akapata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, wakati ambapo vyuo vya kule vilikuwa vinachemka kupinga vita ya Vietnam, naye akaingia humo. Baadaye akajitolea na chama cha vibarua wa mashambani cha César Chávez kule California. Mwaka 1972 akarudi nyumbani, na hakwenda mjini, alikwenda kijijini Madhya Pradesh kwenye mradi wa elimu na maendeleo.

Filamu hakuipangia. Ilimkuta. Nashuka na sehemu ya pili.

#2 Mpigapicha wa Kinondoni

Mwaka 1974 jimbo la Bihar liliwaka moto. Wanafunzi waliandamana kupinga rushwa na ugumu wa maisha, wakaongozwa na mzee mmoja mwanafunzi wa Gandhi, Jayaprakash Narayan, ambaye Wahindi wanamwita JP tu. Patwardhan alikwenda kule kushiriki, akaombwa apige picha za maandamano ili polisi wakipiga watu kuwe na ushahidi.

Vifaa vilikuwa vya kuazima. Sehemu kubwa ilipigwa kwa Super 8, ile filamu nyembamba ya kupiga picha za familia. Super 8 huwezi kuitoa nakala za maana za kuonyesha ukumbini. Kwa hiyo walifanya hivi: waliirusha kwenye kiwambo, halafu wakakipiga picha kile kiwambo kwa kamera ya 16mm. Ndiyo maana ukiitazama picha ina chengachenga na weusi mzito. Filamu inaitwa Kraanti Ki Tarangein, kama nusu saa hivi, nyeusi na nyeupe.

Imekamilika tu, tarehe 25 Juni 1975 Waziri Mkuu Indira Gandhi akatangaza Hali ya Hatari. JP akakamatwa usiku uleule, magazeti yakawekewa mkaguzi, wapinzani kwa maelfu wakaingia ndani. Ukikutwa na filamu ile ulikuwa umejimaliza. Patwardhan akaikata vipande vipande, vikasafirishwa nje na watu tofauti, naye akaondoka kwenda kusoma Chuo Kikuu cha McGill, Kanada. Kule ndiko alikoiunganisha upya na kuanza kuionyesha kwa Wahindi wa ughaibuni na marafiki zao.

Hali ya Hatari ilipokwisha Machi 1977 alirudi, akatengeneza filamu juu ya wafungwa wa kisiasa, Zameer ke Bandi, 1978. Na jambo moja muhimu: filamu hiyo haikusema wafungwa wameanza na Indira na kuisha na Indira. Ilionyesha walikuwepo kabla yake na wengine walibaki ndani baada yake. Tangu hapo mtu huyu hajawahi kuwa wa chama fulani.

#3 Binti Mvita

Kaka, shukran kwa uzi. Nafuatilia nikiwa Mombasa. Swali: hela anapata wapi? Maana dokumentari haina tikiti ya kuuza kama sinema ya Shah Rukh.

#4 Mpigapicha wa Kinondoni

Dada Binti Mvita, swali zuri sana. Kwanza gharama zake ni ndogo: kamera anashika mwenyewe, kuhariri anahariri mwenyewe, timu ni mtu wa sauti na mmoja au wawili wa kusaidia. Pili, anauza nakala zake mwenyewe na haki za kuonyesha kwenye TV za nje. Filamu moja ya mwanzoni, A Time to Rise ya 1981, aliifanya na Jim Monro chini ya shirika la filamu la serikali ya Kanada. Ni juu ya vibarua Wahindi kwenye mashamba ya British Columbia waliokuwa wakiunda chama chao cha wafanyakazi.

Na tatu, haharakishi. Filamu moja inaweza kumchukua miaka 3, nyingine imemchukua 14. Hiyo ya 14 nitaifikia.

#5 Kalamu Nyekundu

Mkuu, mimi nitakuwa mkweli. Nimeona filamu zake mbili. Huyu ni mwanaharakati mwenye kamera. Anachagua upande kabla hajafika eneo la tukio. Halafu ni mtu wa familia ya tabaka la juu, msomi wa Marekani, anakwenda kuwapiga picha maskini na Wadalit (watu wa tabaka la chini kabisa India), filamu inapata tuzo, maskini anabaki palepale. Hilo halikusumbui?

#6 Mpigapicha wa Kinondoni

Mkuu Kalamu Nyekundu, linanisumbua, na nitakujibu kwa kutumia filamu yenyewe, maana mtu wa kwanza kuuliza swali lako yumo ndani yake.

Mwaka 1985 alitoa Hamara Shahar, jiji letu. Ni juu ya bomoabomoa za Bombay mwanzoni mwa miaka ya 80. Jiji lile karibu nusu ya wakazi walikuwa wanaishi kwenye vibanda na kando ya barabara, na manispaa ilikuwa inawabomolea hata msimu wa mvua. Wale waliojenga maghorofa ya jiji ndio haohao waliokuwa wanafukuzwa. Filamu inakupeleka kwa wakubwa wa manispaa na polisi, inakupeleka kwa matajiri kwenye vilabu vyao wakizungumza juu ya usafi wa jiji, halafu inakurudisha kwa mama anayekusanya masufuria kwenye tope.

Sasa katikati ya hapo, mwanamke mmoja aliyebomolewa anaigeukia kamera. Anamwambia Patwardhan usoni kwamba amekuja kupiga picha za maskini ili apate jina, na kwamba picha hizo hazitamrudishia yeye nyumba. Hasira yake ni ya kweli na hana muda na mtu wa kamera.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa mezani kuhariri anajua kipande kama hicho ni rahisi sana kukitupa. Hakuna atakayejua. Patwardhan amekiacha. Mtazamaji ambaye ameshaanza kujiona mwema kwa kuwa tu anawahurumia hawa watu naye anapigwa na swali lilelile. Kwa hiyo lawama yako, mkuu, ni halali, na yeye hajawahi kuificha.

Na hakuishia kwenye filamu. Mwaka 1986 mtaa mmoja wa mabanda uitwao Sanjay Gandhi Nagar ulipovunjwa, alikaa kwenye mgomo wa kula pamoja na wakazi na mwigizaji Shabana Azmi, mpaka wale watu wakapata ahadi ya kiwanja kingine.

Suala la kuchagua upande: ndiyo, ana upande na anausema wazi. Lakini hesabu ni dakika ngapi anawapa wapinzani wake kuzungumza bila kukatwa. Ni nyingi kuliko tunazopewa kwenye mijadala mingi ya TV.

#7 Msafiri Pemba

Nakaa hapa mkuu. Hiyo filamu ya msikiti uliovunjwa, lini unaigusa? Mzee wangu alikuwa anaisimulia habari ile.

#8 Mpigapicha wa Kinondoni

Ndiyo nafika, ndugu yangu.

Ayodhya kulikuwa na msikiti wa Babri uliojengwa karne ya 16. Kundi la Wahindu lilidai ndipo alipozaliwa mungu wao Ram. Usiku wa Desemba 1949 sanamu za Ram ziliingizwa msikitini, ikatangazwa kwamba zimejitokeza zenyewe, msikiti ukafungwa kwa Waislamu. Mwaka 1990 kiongozi wa BJP, chama cha siasa za Kihindu, L.K. Advani, akaanza msafara kutoka Somnath, Gujarat, kwenda Ayodhya, akiwa juu ya Toyota iliyopambwa ifanane na kigari cha vita cha kwenye hadithi za kale. Ulikopita msafara, damu ilimwagika sehemu kadhaa.

Patwardhan aliufuata na kamera. Filamu ni Ram ke Naam, kwa jina la Ram, dakika 75. Mbinu yake ni ya kushangaza kwa urahisi: anauliza swali la kawaida, halafu ananyamaza. Anawauliza vijana waliokuja kujenga hekalu: Ram alizaliwa karne ya ngapi? Wanaangaliana. Anamkuta mzee wa dini ambaye anajisifu mbele ya kamera kwamba yeye ni mmoja wa walioziingiza zile sanamu 1949. Miaka 40 ya muujiza inayeyuka kwa maneno ya mhusika mwenyewe.

Halafu anakaa na Pujari Laldas. Huyu ni kasisi wa Kihindu aliyekuwa amewekwa na mahakama kuhudumia sanamu zilezile za Ram. Anaongea taratibu, amekaa chini, wala hapandishi sauti. Anasema wazi kwamba wanaotaka kuvunja msikiti wanatafuta kura na fedha, na kwamba Wahindu na Waislamu wa Ayodhya wameishi pamoja siku zote. Kwangu hicho ndicho kipande kikubwa kuliko vyote alivyowahi kushuti, kwa sababu anayepinga uovu uliofanywa kwa jina la Ram ni mtumishi wa Ram mwenyewe.

Filamu ilikamilika kabla msikiti haujavunjwa. Fikirieni hilo. Tarehe 6 Desemba 1992 umati ukaupanda na kuusambaratisha, ghasia zikaenea nchi nzima, Bombay peke yake mamia wakafa. Novemba 1993 Laldas akauawa kwa risasi.

#9 Msafiri Pemba

Inna lillahi. Kwa hiyo kama TV ingeionyesha mapema...

#10 Mpigapicha wa Kinondoni

Ndugu Msafiri, hapo ndipo ilipo hoja yangu ya uzi huu.

Ram ke Naam ilipewa tuzo ya taifa ya filamu bora ya uchunguzi. Tuzo hiyo inatolewa na serikali. Doordarshan ni TV ya serikali hiyohiyo, enzi hizo ndiyo iliyofika mpaka vijijini, na ilikuwa na utaratibu wa kuonyesha filamu zilizoshinda tuzo za taifa. Lakini hii wakaikataa, wakisema itasababisha fujo.

Patwardhan akaenda Mahakama Kuu ya Bombay. Alishasoma njia: Hamara Shahar nayo ilikuwa imeingia TV kwa amri ya mahakama baada ya kuvutana miaka. Hoja yake kila mara ni mbili. Ya kwanza, Ibara ya 19 ya katiba inampa mwananchi uhuru wa kusema, na mtazamaji ana haki ya kupata habari. Ya pili, TV ya taifa inalipiwa na wananchi, haiwezi kuchagua kwa woga au kwa matakwa ya walioko madarakani. Na ile tuzo anaitumia kama kielelezo: nyie wenyewe mmesema ni nzuri, sasa mnaificha ya nini?

Mwaka 1997 ikaonyeshwa, muda ambao watu wako nyumbani. Fujo iliyotabiriwa haikutokea.

Filamu iliyofuata, Pitra, Putra aur Dharmayuddha ya 1995, inauliza kwa nini siasa za chuki zinapenda sana kuzungumza habari za uanaume. Doordarshan wakaikataa tena. Safari hii walishindwa Mahakama Kuu wakakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu kabisa. Kisingizio kimojawapo: sehemu ya pili ya filamu ilipewa cheti cha watu wazima. Agosti 2006 Mahakama ya Juu ikasema filamu inapimwa kwa ujumla wake, kwa macho ya mtazamaji wa kawaida, haikatwi kipande kimoja kikahukumiwa peke yake. Wakaamriwa waionyeshe. Miaka 11, wakuu. Wengi wetu tungekuwa tumeshauza kamera.

#11 Wakili Mtarajiwa

Mleta uzi umenigusa. Nasoma sheria. Hiyo kanuni ya kuipima kazi kwa ujumla wake ni silaha kubwa kwa msanii yeyote. Je, bodi ya filamu nayo aliwahi kuipeleka mahakamani, au ni TV tu?

#12 Mpigapicha wa Kinondoni

Aliipeleka, na hiyo ndiyo kesi ninayoipenda zaidi.

Mei 1998 India ililipua mabomu ya nyuklia ya majaribio jangwani Pokhran, Pakistan ikajibu wiki chache baadaye. Mitaani watu walicheza ngoma na kugawa peremende. Patwardhan akaanza kushuti Jang aur Aman. Inaanza na kuuawa kwa Gandhi 1948, inakwenda kwa wanakijiji jirani na eneo la mlipuko, inakwenda kwa watu wanaoishi karibu na migodi ya urani Jadugoda, inavuka mpaka kwenda Pakistan ambako wasichana wa shule wanajadili bomu darasani, inafika Hiroshima.

Ilipotoka 2002 bodi ya ukaguzi ikataka ikatwe. Madai yakaongezeka mpaka kufikia sehemu 21, zikiwemo hotuba za viongozi walizozitoa wenyewe hadharani! Akakataa kukata hata moja. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Bombay ikaamua filamu ipite kama ilivyo. Mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya taifa.

Hapohapo tamasha la kimataifa la filamu la Mumbai (jina jipya la Bombay) likatangaza kwamba kwa mwaka 2004 dokumentari za India lazima ziwe na cheti cha bodi ndiyo zishiriki, wakati za wageni hazidaiwi. Watengeneza filamu kwa mamia wakaungana kupinga, sharti likaondolewa. Orodha ilipotoka, filamu nyingi zenye maneno makali hazikuchaguliwa. Wakaandaa tamasha lao jirani kabisa na lile la serikali, wakaliita Vikalp. Patwardhan alikuwa mmoja wao. Ushindi wa mahakamani ulikuwa wa mtu mmoja mmoja, huu ulikuwa wa fani nzima.

#13 Binti Mvita

Kaka, ile ya miaka 14 usiisahau.

#14 Mpigapicha wa Kinondoni

Siwezi kuisahau, dada.

Mnakumbuka Hamara Shahar? Ndani yake kuna mwimbaji wa mitaani, mshairi wa wafanyakazi, Vilas Ghogre. Mdalit, mkazi wa kibanda, sauti yake ndiyo inayoibeba filamu ile.

Tarehe 11 Julai 1997, mtaa wa Ramabai, Ghatkopar, jijini Mumbai, watu waliamka wakakuta sanamu ya Dkt. Ambedkar imevishwa shada la viatu. Ambedkar ndiye Mdalit aliyeongoza uandishi wa katiba ya India, kwa watu wale hakuna matusi makubwa kuliko hayo. Wakatoka barabarani. Polisi wakafyatua risasi, 10 wakafa. Siku chache baadaye Vilas, aliyekwenda kuona maiti za watu wake, alijinyonga chumbani mwake. Alikuwa amejifunga kitambaa cha bluu kichwani, rangi ya watu wa Ambedkar.

Patwardhan alimpoteza rafiki. Akaanza kushuti, na hakuacha mpaka 2011. Filamu ni Jai Bhim Comrade, saa 3 na dakika karibu 20, na imejaa nyimbo, kwa sababu Wadalit wa Maharashtra, jimbo lenye jiji la Mumbai, historia yao wanaihifadhi kwenye nyimbo.

Niwaonyeshe kipande kimoja cha kazi ya mikono. Polisi walijitetea kwamba umati ulikuwa unakwenda kuchoma matangi ya gesi, ambayo yangelipuka na kuua maelfu. Patwardhan anachukua picha za video zilizopo, anaonyesha matangi yalisimama wapi na watu waliuawa wapi, anakwenda kwenye eneo lenyewe na kuangalia umbali. Hakuna muziki wa kutisha wala msimulizi anayepaza sauti. Ukimaliza kutazama, utetezi ule haujasimama. Mwaka 2009 afisa aliyeamuru risasi alihukumiwa kifungo cha maisha, kisha akapewa dhamana akisubiri rufaa.

Filamu hii aliipeleka kwanza kwa wenyewe, kwenye mitaa ya Wadalit, kiwambo kikiwekwa nje usiku na watu wakikaa chini mpaka mwisho. Vijana waimbaji wa kundi la Kabir Kala Manch waliomo ndani ya filamu walipoanza kusakwa na polisi, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kamati ya kuwatetea.

#15 Kalamu Nyekundu

Mkuu, hiyo ya matangi nitaitafuta. Bado nasema ana upande, lakini nimekuelewa. Sasa hivi anafanya nini? Umri umekwenda.

#16 Mpigapicha wa Kinondoni

Mwaka 2018 alitoa Vivek, saa karibu 4, juu ya mauaji ya wanafikra Narendra Dabholkar, Govind Pansare, M.M. Kalburgi na mwandishi Gauri Lankesh, wote waliopigwa risasi kati ya 2013 na 2017. Ilishinda tuzo kuu ya dokumentari ndefu kwenye tamasha la IDFA, Amsterdam. Nyumbani, wizara ikakataa kuiruhusu ionyeshwe tamasha la Kerala 2019. Mnajua kilichofuata: Mahakama Kuu ya Kerala ikaruhusu. Safari hii pia aliimwaga mtandaoni vipande vipande.

Mwaka 2015, wanafunzi wa chuo cha filamu cha Pune walipokuwa kwenye mgomo, yeye na wenzake walirudisha tuzo zao za taifa. Ya kwake ilikuwa ile ya Hamara Shahar.

Ya 2023, Vasudhaiva Kutumbakam, ni tofauti kabisa. Ni wazazi wake, aliowashuti nyumbani wakizeeka, wakisimulia habari za uhuru huku wakitaniana. Anza nayo ukiwa unaogopa siasa nzito.

#17 Wakili Mtarajiwa

Na Ram ke Naam bado inazuiwa?

#18 Mpigapicha wa Kinondoni

Januari 2024, siku mbili kabla hekalu jipya la Ayodhya halijazinduliwa pale ulipokuwa msikiti, klabu ya filamu iliionyesha kwenye mgahawa mmoja Hyderabad. Polisi walikatiza onyesho katikati na waandaaji wakakamatwa. Ni filamu yenye cheti, yenye tuzo ya taifa, iliyokwisha kurushwa na TV ya taifa kwa amri ya mahakama.

Ipo YouTube, yenye tafsiri ya Kiingereza chini. Mkuu Msafiri Pemba, mtazame mzee Laldas kwa makini, halafu njoo hapa utuambie mzee wako alisimulia nini. Wengine, anzeni na hiyohiyo, mfuatishe Hamara Shahar kabla ya Jai Bhim Comrade, maana usipomsikia Vilas akiimba akiwa hai, ile ya pili hutaielewa vizuri. Wakili Mtarajiwa, hukumu ya Agosti 2006 itafute ukaisome yote. Nitashukuru ukituletea uzi wake kwa Kiswahili, wapigapicha tunaihitaji.